Nyumba ina jina la mume, mkopo siufahamu, na watoto ni wawili: nianzie wapi kabla ya kudai talaka?

Mama wa Chanika aliandika:

Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri kwa wenye kuifahamu sheria na pia kwa wale waliolipitia jambo hili wenyewe. Nitaeleza kwa kirefu kidogo ili nisijibiwe nusu nusu.

Mimi na mume wangu tulifunga ndoa ya kanisani hapa Dar es Salaam mwaka 2012. Tuna watoto wawili, wa kwanza ni binti wa miaka 11 na wa pili ni mvulana wa miaka 5. Mwaka 2014 tulinunua kiwanja Chanika, tukajenga pole pole, na mwaka 2018 tukahamia nyumba ikiwa bado haijapigwa rangi. Kiwanja hakijapimwa wala hakina hatimiliki. Kilichopo ni karatasi ya mauziano iliyoandikwa katika ofisi ya serikali ya mtaa, yenye mhuri wa mwenyekiti, picha ndogo za muuzaji na mnunuzi, na sahihi za mashahidi. Mnunuzi aliyeandikwa ni mume wangu peke yake. Jina langu lipo chini kabisa, kwenye mstari wa shahidi wa upande wa mnunuzi, kwa sababu siku ile mwenyekiti alisema mke na mume ni kitu kimoja na hakuna haja ya kuandika wanunuzi wawili.

Mume wangu ameajiriwa katika kampuni ya usafirishaji, nami nauza vitenge Kariakoo. Kiwanja na matofali vililipwa kwa mshahara wake, lakini bati, nondo za madirisha na kisima vilitokana na mgao wa kikoba changu wa miaka miwili mfululizo, na ada ya shule ya watoto nimekuwa nikilipa mimi. Mwaka jana alihama nyumbani na sasa anaishi Mbezi na mwanamke mwingine. Hivi karibuni ameleta dalali kuitazama nyumba, amenitumia ujumbe kwamba binti yetu atahamia kwa bibi yake Morogoro muhula ujao, na nimeletewa taarifa kwamba ana mkopo mkubwa wa benki ambao anadai ni deni letu sote kwa kuwa aliuchukua tukiwa pamoja.

Sipendi kuvunja ndoa kwa haraka, lakini sioni namna nyingine. Je, anaweza kuiuza nyumba hii bila mimi? Deni lile ni langu pia? Watoto watakaa na nani? Na hatua ya kwanza ni ipi, kwa kuwa wengine wananiambia niende mahakamani moja kwa moja na wengine wananiambia nianze kanisani?

Mjumbe Mstaafu alijibu:

Pole sana, mama. Niliwahi kuwa mjumbe wa baraza la usuluhishi la ndoa katika kata moja ya wilaya ya Ilala, hivyo nitajibu swali lako la mwisho na mengine nitawaachia wanasheria.

Usiende mahakamani moja kwa moja. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo ndiyo inayotumika Tanzania Bara kwa ndoa zote, iwe ya kanisani, ya Kiislamu, ya kimila au ya serikali, inaeleza katika kifungu cha 101 kwamba mtu hawezi kuomba talaka mahakamani mpaka mgogoro uwe umepelekwa kwanza mbele ya Baraza la Usuluhishi la Ndoa, na baraza hilo liwe limethibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Baraza linaweza kuwa la kata au la jumuiya ya dini yenu ikiwa limetambuliwa kisheria, kwa hiyo wanaokutuma kanisani hawajakosea, mradi uhakikishe kuwa kinachokaa pale ni baraza lenye mamlaka ya kutoa cheti. Mchungaji au padri kuwaita ofisini na kuwaombea ni jambo jema, ila mahakama haitalihesabu kuwa ni usuluhishi.

Nasisitiza hilo la cheti kwa sababu nimeona watu wakiumia. Baraza likishindwa kuwapatanisha hutoa cheti pamoja na maoni yake, nawe unapaswa kukiambatanisha na maombi ya talaka, na kisiwe kimetolewa zaidi ya miezi 6 kabla ya maombi kufunguliwa. Wapo wanaopata cheti, wakapumzika mwaka mzima wakitafuta nauli na wakili, kisha wakafika mahakamani na karatasi iliyokwisha muda wake. Wapo pia waliopewa barua ya mtendaji inayosema tu kwamba "wahusika wameshindwana", bila baraza kuwaita pande zote mbili na kuwasikiliza. Shauri la namna hiyo linaweza kusikilizwa, likatolewa hukumu, likakatiwa rufaa, halafu mwenendo wote ukafutwa na Mahakama ya Rufani kwa kuwa msingi wake ulikuwa mbovu, na hilo limekwisha kutokea.

Mumeo akiitwa na kukataa kuja kwa makusudi, usivunjike moyo wala usimfuate Mbezi kumbembeleza. Sheria yenyewe imeweka hali ambazo hazilazimu usuluhishi, na mojawapo ni pale mwenzako alipotakiwa kufika mbele ya baraza akakataa kwa makusudi. Nyingine ni kama amekutelekeza na hujui alipo, au amefungwa kifungo kirefu. Hata hivyo, hakikisha wito ule umeandikwa na una saini ya aliyeupokea, au maelezo ya aliyeupeleka.

Mzee wa Gongo la Mboto alijibu:

Mimi ningeanza na huyo mwanamke wa Mbezi. Sheria inaruhusu kumdai fidia mtu aliyezini na mwenzi wako. Mfungulie kesi kwanza, hayo mengine yatafuata.

Wakili wa Temeke alijibu:

Mzee wangu, ni kweli kwamba kifungu cha 72 cha Sheria ya Ndoa kinatoa haki ya kudai fidia ya ugoni. Hata hivyo singemshauri dada huyu aanzie hapo. Ushahidi wake ni mgumu, fidia yenyewe mara nyingi haifidii gharama, na muda wote atakaokuwa akithibitisha nani alilala wapi, nyumba ya Chanika itakuwa imepata mnunuzi.

Sasa nikugeukie wewe, dada. Mahakama itaangalia mambo matatu ambayo watu huyachanganya kuwa moja: kama ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika, mali zigawanywe vipi, na watoto wakae wapi. Kosa la mumeo la kuhama na kuishi na mwingine litakusaidia sana katika jambo la kwanza, kwa kuwa uzinzi ni miongoni mwa ushahidi ambao kifungu cha 107 kinauruhusu. Kwenye mali na watoto halitakusaidia kwa kiasi unachodhani. Wanawake wengi, na wanaume pia, hufika mbele ya hakimu na mashahidi kumi wa ugoni na bila risiti hata moja ya bati, kisha hushangaa mgawo unapotoka mdogo.

Nianze na nyumba, kwa kuwa ndilo jambo la haraka. Ninyi mmeishi pale tangu mwaka 2018, kwa hiyo ni nyumba ya ndoa. Kifungu cha 59 kinamkataza mwanandoa mwenye nyumba hiyo kuiuza, kuitoa zawadi, kuipangisha au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake, wakati ndoa bado ipo. Haijalishi kwamba jina ni lake peke yake. Kifungu hicho hicho kinasema mwenzi aliyetelekezwa hawezi kuondolewa katika nyumba ya ndoa na mwenzake isipokuwa kwa amri ya mahakama, hivyo asikutishe kwamba atabadilisha kufuli. Tatizo lenu ni kwamba kiwanja hakijasajiliwa. Kingekuwa na hati, ungeweka zuio kwa Msajili wa Hati na kila mnunuzi angeliona. Kwa kuwa hakina, kinga yako kubwa ni kuhakikisha kwamba hakuna mnunuzi atakayeweza kudai baadaye kuwa hakujua, kwa sababu mnunuzi aliyekuwa hajui, na ambaye hata kwa uchunguzi wa kawaida asingejua, sheria inampa nafuu. Andika barua kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na kwa mtendaji wa kata, uwaeleze kwamba nyumba ni ya ndoa, unaishi humo na watoto na hujaridhia mauzo, kisha ubaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Endelea kukaa humo. Dalali akija na mteja, toka uwaambie kwa sauti ya kawaida mbele ya jirani kwamba wewe ni mke na hukubali nyumba iuzwe. Ukiona mauzo yanakaribia, unaweza kuomba mahakama amri ya kuyazuia, kwa kuwa mahakama ina uwezo wa kuzuia au kutengua uhamisho wa mali unaofanywa ili kumkwepesha mtu na haki zake.

Kuhusu mgawanyo, ufahamu kwanza kwamba mahakama hugawa mali inapotoa amri ya talaka au ya kutengana, au baada yake. Kabla ya hapo huwezi kwenda kuomba ukatiwe nusu ya nyumba. Kifungu cha 114 kinahusu mali iliyochumwa wakati wa ndoa kwa juhudi za pamoja, na hakimu ataangalia mila za jamii yenu, mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, madeni yaliyochukuliwa kwa manufaa ya wote wawili, na mahitaji ya watoto. Akishayapima hayo anatakiwa kuelemea usawa. Neno hilo la usawa watu hulisoma wakaishia hapo, wakadhani kila talaka ni nusu kwa nusu. Sivyo. Mahakama ya Rufani imesema mara kadhaa kwamba kiwango cha mchango ni jambo la ushahidi.

Kila mtu mjini hapa hutaja kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ya mwaka 1983, ambamo Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani, kupika, kulea na kutunza nyumba, ni mchango katika kuchuma mali. Wanaoitaja huwa hawaendi hadi mwisho wake. Bi Hawa alishinda hoja hiyo lakini yeye mwenyewe hakupata mgawo, kwa sababu Mahakama iliona kwamba fedha alizokuwa amepewa na mumewe alizitapanya. Nakueleza haya ili usijiegemeze kwenye kazi za nyumbani peke yake wakati una mchango wa fedha unaoweza kuthibitishwa.

Ile karatasi ya mauziano, usiidharau. Umeona jina lako limewekwa kwenye mstari wa shahidi ukadhani limekunyima kitu. Ni kweli kwamba mali ikiwa na jina la mwanandoa mmoja, sheria huanza na dhana kuwa ni yake, lakini dhana hiyo huvunjwa kwa ushahidi. Sahihi yako inathibitisha kwamba siku kiwanja kinanunuliwa ulikuwepo, kama mke, mwaka 2014, miaka miwili baada ya ndoa. Mumeo hawezi tena kusema alikinunua kabla hajakuoa au kwamba hukuwa na habari. Mwenyekiti aliyekuwepo siku hiyo, hata kama hayuko tena madarakani, anaweza kuwa shahidi wako.

Kisha nenda kwenye kikoba chenu. Mwombe mweka hazina ukurasa wa daftari unaoonyesha mgao wako wa miaka hiyo miwili, jina lako, kiasi, tarehe na sahihi yako ya kupokea, na umwombe awe tayari kuja kulithibitisha daftari lenyewe. Linganisha tarehe hizo na risiti za duka la vifaa vya ujenzi. Ikiwa risiti zimepotea, omba kampuni ya simu taarifa ya miamala yako ya kipindi hicho, kwa kuwa fundi wa kisima na muuza bati wengi hulipwa kwa simu, na ushahidi wa kielektroniki unapokelewa mahakamani tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015. Tarehe ya mgao ikifuatana na tarehe ya malipo ya bati, hakimu hahitaji hotuba ya wakili. Risiti za ada nazo zitunze. Hazijengi ukuta, lakini zinaonyesha kwamba mshahara wa mumeo uliweza kwenda kwenye matofali kwa sababu wewe ulibeba ada.

Suala la watoto nitalirudia baadaye, ninaitwa mahakamani.

Baba wa Wawili alijibu:

Naomba nizungumze kama mwanamume aliyepitia talaka, na sina nia ya kumtetea shemeji yetu huyu aliyehamia Mbezi. Dada, ukifika kwenye suala la watoto, tafadhali usiliingize kwenye hesabu ya nyumba. Katika shauri langu, mwenzangu aliambiwa na ndugu zake kwamba akinizuia kuwaona watoto nitalegeza kwenye mali, nami niliambiwa na rafiki zangu kwamba nikisimamisha matumizi atarudi kuniangukia. Wote tulishauriwa vibaya na waliokula hasara ni watoto, mmoja wao akarudishwa nyumbani kwa sababu ya ada huku wazazi wawili wenye kipato wakitazamana.

Afisa ustawi wa jamii ndiye aliyetuokoa. Alitutembelea nyumbani kwa kila mmoja, akakagua watoto wanalala wapi, akazungumza na mwalimu wa darasa, akamchukua mtoto mkubwa pembeni na kumsikiliza bila sisi kuwepo, kisha akaandika taarifa kwa mahakama. Mahakama iliamua wakae na mama yao, mimi niwachukue mwisho wa juma na nusu ya likizo, na nichangie kiasi kilichotajwa kila mwezi pamoja na ada. Nilidhani nimeshindwa. Lakini amri ile iliyoandikwa ndiyo iliyonipa haki ya kugonga mlango ule bila kuomba huruma ya mtu.

Kwa hiyo, hata kama una hasira naye kiasi gani, mwache azungumze na watoto kwa simu na awaone mahali panapofaa, na usifute ujumbe wowote mnaoandikiana kuhusu watoto. Hakimu atausoma, na atakuona wewe ni mzazi wa namna gani.

Mama wa Chanika aliandika:

Nawashukuru sana nyote. Kikoba nimewapigia, na mweka hazina anasema daftari la miaka hiyo analo. Kuhusu simu za baba yao sijawahi kuzizuia, ila mwezi huu ameacha kutuma matumizi akisema makato ya mkopo yanamaliza mshahara. Naomba basi nieleweshwe kuhusu huo mkopo. Mimi sikutia sahihi popote. Pia nisaidieni kama kuna lolote la kufanya kuhusu matumizi kabla ya talaka, kwa sababu shule itafunguliwa kabla baraza halijamaliza.

Afisa Mikopo alijibu:

Nafanya kazi katika idara ya mikopo ya benki moja hapa mjini, hivyo nitajibu la mkopo tu.

Kwa jinsi ulivyoeleza, yaani makato yanatoka kwenye mshahara na wewe hukusaini, huo ni mkopo wa mfanyakazi. Mkataba ni kati yake na benki, na benki haina msingi wa kukudai wewe ambaye si mkopaji wala mdhamini. Kuwa mke wa mkopaji hakukufanyi mdhamini. Jambo ambalo mumeo anaweza kufanya ni kuuleta mkopo huo kwenye mgawanyo wa mali na kudai kwamba ulichukuliwa kwa manufaa ya familia. Hapo mzigo ni wake kuonyesha fedha zilikwenda wapi. Kama ziliingia kwenye nyumba au ada, mahakama itaupima kwa jicho hilo. Kama zilinunua gari lililoko Mbezi, ni wazi mjadala utakuwa tofauti. Usiseme mbele ya baraza kwamba "hilo deni silijui" ukanyamaza. Omba mumeo atakiwe kuleta mkataba wa mkopo na taarifa ya akaunti kuanzia mwezi fedha zilipoingia.

Hakikisha pia kwamba nyumba haijawekwa dhamana mahali popote. Kwa benki, rehani ya nyumba ya ndoa inahitaji ridhaa ya mwenzi chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, nasi tunatakiwa kuchukua hatua za kujiridhisha kama mkopaji ana mwenzi. Wapo wanaokula kiapo kwamba hawajaoa. Lakini kwa kiwanja kisichopimwa hofu yangu kubwa iko kwa wakopeshaji wadogo wa mitaani ambao hupokea karatasi ya mauziano na kuifungia kwenye kabati. Karatasi halisi iko wapi? Kama iko kwako, itunze nje ya nyumba, kwa mtu unayemwamini. Kama anayo yeye, nenda serikali ya mtaa ukaombe nakala kutoka kwenye jalada lao, igongwe mhuri.

Wakili wa Temeke alijibu:

Nimerudi. Namuunga mkono Afisa Mikopo. Naongeza tu kwamba madeni ya pamoja yametajwa na kifungu cha 114 chenyewe, kwa hiyo mahakama haiwezi kuyapuuza likithibitishwa kusudio la deni.

Kuhusu watoto, Sheria ya Ndoa katika kifungu cha 125 na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 zinakubaliana kwenye msingi mmoja, kwamba kinachotangulia ni ustawi wa mtoto. Mwanao wa miaka 5 yuko chini ya dhana ya kisheria kwamba mtoto aliye chini ya miaka 7 ni vema akae na mama yake. Hiyo ni dhana, na mumeo akiwa na ushahidi kwamba kukaa na wewe kunamdhuru mtoto anaweza kuivunja, hivyo usiichukulie kuwa cheti cha kudumu. Binti wa miaka 11 hana dhana hiyo, ila ana umri wa kutoa maoni yake na mahakama itayasikiliza pamoja na mambo mengine: anasoma wapi, nani humwandaa asubuhi, na kama kumhamisha kutavuruga maisha aliyozoea. Hapo ndipo mpango wa Morogoro unapokuwa dhaifu. Kifungu kile kinatoa malezi kwa baba au mama, na ni pale tu panapokuwa na hali za pekee zinazofanya isifae kukaa na yeyote kati yao ndipo ndugu mwingine, kama bibi, hufikiriwa. Baba hawezi kuomba malezi kisha akayakabidhi kwa mama yake. Ninaposoma kwamba binti atatengwa na mdogo wake, atabadilishiwa shule na kupelekwa mkoa ambao hata baba yake haishi, naona hoja ambayo singependa kuitetea mbele ya hakimu yeyote.

Akimchukua binti bila ridhaa yako kabla ya amri yoyote, usimfuate Morogoro na kaka zako. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yenu siku hiyo hiyo, na uombe mahakama amri ya muda ya malezi.

Sasa matumizi. Watu wengi hudhani matunzo ya watoto yanasubiri talaka. Hayasubiri. Sheria ya Ndoa inamtaka baba kuwatunza watoto wake, kwa malazi, mavazi, chakula na elimu kulingana na uwezo wake, iwe anakaa nao au hakai nao, na Sheria ya Mtoto inakuruhusu kuomba amri ya matunzo hata kama hakuna shauri la talaka lililofunguliwa. Makato ya mkopo hayamwondolei wajibu huo, ingawa mahakama itaangalia kipato cha kweli kinachobaki. Anzia kwa afisa ustawi wa jamii, kwa kuwa mara nyingi baba akiitwa pale hukubali kiasi na kutia sahihi, na mahakama inaweza kuhitaji taarifa yao ya uchunguzi kabla ya kutoa amri. Akikataa, fungua maombi ya matunzo. Andaa orodha halisi ya gharama za mwezi: ada, nauli ya daladala au basi la shule, chakula, matibabu, sare. Usizidishe. Nimeona maombi ambamo mtoto mmoja wa darasa la tano aliandikiwa matumizi yanayozidi mshahara wa baba yake, na tangu hapo hakimu hakuamini tarakimu nyingine yoyote ya mama yule. Amri ikishatolewa, si mwisho. Hali ya mmoja wenu ikibadilika kwa kiasi kikubwa, yeyote anaweza kurudi kuomba irekebishwe.

Mahali pa kufungua shauri: Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi na hata Mahakama Kuu zote zina mamlaka katika mashauri ya ndoa, na kwa hapa Dar es Salaam ipo Temeke, katika Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki, ambako mashauri ya ndoa na mirathi yamewekwa pamoja. Ukifika, uliza dawati la mapokezi juu ya ngazi inayokufaa kabla ya kulipa ada ya kufungua. Kama huna uwezo wa wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatambua wasaidizi wa kisheria na taasisi zinazotoa huduma hiyo bila malipo. Hapa mjini wapo TAWLA (chama cha wanasheria wanawake), Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Nenda na nakala ya cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, karatasi ya mauziano na zile kurasa za kikoba, ili usije ukapoteza siku ya kwanza kwa kuagizwa nyaraka.

Mama wa Chanika aliandika:

Karatasi halisi anayo yeye, lakini leo nimekwenda ofisi ya serikali ya mtaa nikaonyeshwa nakala kwenye jalada. Wameniambia niandike barua ya maombi, nami nitaiandika pamoja na ile ya kupinga mauzo ili zipokelewe na kugongwa mhuri kwa pamoja. Kwa ustawi wa jamii nimepangiwa Jumatatu. Swali dogo la mwisho: familia yake wanasema nikidai talaka mimi, ndugu zangu watalazimika kurudisha mahari yote kwanza. Ni kweli?

Mjumbe Mstaafu alijibu:

Hapana. Kurudisha mahari si sharti la mahakama kutoa talaka, na ndoa yako haikutegemea mahari kuwa halali. Hoja hiyo tuliisikia barazani karibu kila mara mke alipokuwa ndiye mlalamikaji, na kwa kawaida ilitolewa na shangazi au baba mdogo, si mume mwenyewe. Mwambie atakayeileta aieleze mbele ya baraza iandikwe kwenye kumbukumbu. Peleka malalamiko yako kwa mtendaji wa kata wiki hii, utaje majina kamili ya mumeo, namba yake ya simu na mahali anapoishi Mbezi, ili wito umfikie.

Wakili wa Temeke alijibu:

Sahihi kabisa. Barua zile mbili ziandike kwa nakala tatu kila moja: ya ofisi, ya jalada lako, na moja ya kumkabidhi dalali akirudi.